Reli ya Bati ya Marehemu Tarsisi Lufungulo

Ushirombo, 3 Oktoba 1938 – Shinyanga, 9 Mei 1987

Wasifu huu unasomwa na binti wa kwanza wa marehemu, Theopista, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza usomwe na yeye na si mtu mwingine. Agizo hilo aliliandika kwenye daftari, maana sauti ilikuwa imekwisha kumtoka: "Msinisifu kabla hamjasema habari ya Bulimbe." Mjane wake, Mama Serafina, ambaye habari hiyo aliijua Februari mwaka huu tu, aliulizwa mara mbili kama anaridhia isomwe mbele ya watu. Mara ya kwanza aliendelea kuchambua mchele. Mara ya pili alisema, "Soma yote. Usiruke hata mstari." Basi ndugu waombolezaji mtuvumilie kama hapa mtasikia mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi juu ya jeneza.

Marehemu Tarsisi alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1938 karibu na misheni ya Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Clemens Lufungulo na Mama Paskazia. Tangu utotoni alikuwa mwoga. Familia haioni haya kulitamka hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Aliogopa radi, aliogopa kisima, aliogopa bata mzinga wa mapadre kuliko alivyowaogopa mapadre wenyewe. Mwaka 1947 baba yake alikwenda Isaka kuuza asali, akamchukua mtoto ili naye akalione gari moshi. Injini ilipoingia stesheni ikifoka mvuke, Tarsisi akatoweka. Alipatikana jioni amejikunyata nyuma ya kichuguu, na swali lake la kwanza likawa, "Baba, likishatoka kimakosa, nani analiambia lirudi?" Mzee Clemens alilisimulia swali hilo kila Krismasi mpaka alipofariki, na kila Krismasi watu walivunjika mbavu. Mama Paskazia akiwasikia wanamcheka mwanawe aliwajibu kwa methali ile ile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Ushirombo kuanzia mwaka 1948, akaendelea na shule ya kati hadi 1956. Hesabu zake zilikuwa za kawaida, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita wa walimu wengi, na ndio uliomfungulia mlango. Mwaka 1958 alichukuliwa kusomea kazi ya stesheni huko Tabora. Watu walishangaa mtoto wa nyuma ya kichuguu kwenda kuajiriwa na reli. Yeye alijibu kwamba kitu unachokiogopa ni heri uwe karibu nacho, ukione kinafanya nini.

Alianza kazi Januari 1959 akiwa karani, akahamishwa hapa na pale kwenye njia ya Tabora na Mwanza, na mwaka 1965 akapewa usimamizi wa stesheni ndogo ya Bulimbe. Kwa wasioijua kazi ya reli, ni vizuri kueleza kidogo hapa. Njia ni moja, na magari yanatoka pande zote mbili. Gari haliondoki stesheni mpaka msimamizi ameiuliza stesheni ya mbele kwa simu, nayo ikakubali. Ikishakubali, anaandika karatasi, anaitia sahihi, anaibana kwenye kitanzi cha fito, na kitanzi kile anapewa dereva. Dereva mwenye karatasi ana njia, na asiye nayo hana. Lakini kila kazi ina ujanja wake. Wasimamizi wa stesheni ndogo walizoea kuziandika karatasi mapema, wakazitia sahihi kabisa, wakatundika kitanzi kwenye msumari mlangoni kikisubiri saa yake. Ujanja huo uliokoa dakika tano. Wote walifanya hivyo, na hakuna aliyeukataza kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekufa.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Serafina tarehe 8 Januari 1966, katika kanisa la Ushirombo. Wanaoikumbuka siku ile wanasema bwana harusi alitetemeka mpaka pete ikaanguka chini ya benchi, ikatafutwa na wasimamizi wawili wa ndoa na padre. Mzaliwa wao wa kwanza, Theopista, alizaliwa tarehe 21 Machi 1967 kwa bibi yake huko Ushirombo, kama desturi ilivyo, na mama na mtoto wakabaki huko miezi minne. Baba mtu alikuwa hajamwona mwanawe. Barua zake za miezi ile zipo, na karibu kila moja inauliza kama mtoto anapumua vizuri anapolala.

Tarehe 27 Julai 1967, siku ya Alhamisi, Serafina alipanda gari la abiria Isaka akiwa na mtoto mgongoni, akielekea Bulimbe kwa mumewe. Siku hiyo gari la mizigo lilikuwa limesimama Bulimbe kwenye njia ya pembeni, limesheheni marobota ya pamba, likisubiri gari la abiria lifike ndipo lenyewe litoke kwenda kusini. Marehemu alikwisha kuongea na stesheni ya Ng'wanzoka, jirani yake upande wa Isaka, akawakubalia walitoe gari la abiria. Njia ilikuwa ya mkewe. Kisha, kama walivyozoea wote, akaandika mapema karatasi ya gari la mizigo, akaitia sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri, akatundika kitanzi msumarini. Akatazama saa. Alikuwa na nusu saa, na nyumba yake nyuma ya stesheni ilikuwa haijafagiliwa. Akatoka kwenda kufagia, atandike na mkeka mpya.

Mshika pointi wa Bulimbe, mwenye kazi ya kugeuza njia za magari, alikuwa Herman, ambaye yupo hapa leo na ametaka jina lake litajwe. Herman alitoka kwenye chai, akaona kitanzi mlangoni kina karatasi, na karatasi ina sahihi ya bwana mkubwa. Dereva wa mizigo alikuwa anapiga honi ya kukereka. Herman akafanya alichofanya kila siku. Akampa dereva kitanzi, akavuta pointi, akapunga bendera ya kijani.

Marehemu alisikia injini ikianza kuhema. Kwanza hakuelewa. Alisimama na ufagio mkononi, akahesabu mihemo minne, ndipo akatoka mbio. Alifika stesheni behewa la mwisho likipita, gadi amesimama mlangoni anampungia mkono kwa furaha, naye marehemu akapunga mikono yote miwili na kupiga kelele, gadi akazidi kumpungia. Akaingia njiani, akakimbia juu ya mataruma yanayobeba reli. Alikimbia maili tatu na robo. Kwenye daftari ameandika kwamba hakusali, kwa sababu kila alipoanza "Baba yetu" alifikia "uliye" tu, kisha akasikia mlio ambao haukuwepo.

Mungu ni mwema, na mbuga ile ni tambarare. Ilikuwa saa saba mchana wa kiangazi, njia imenyooka, na madereva wawili wakaonana kwa moshi kabla ya kuonana kwa sura. Magari yalisimama yakitazamana, hatua mia na themanini katikati. Alizihesabu hatua hizo mwenyewe, maana miguu ilikataa kusimama mpaka ameumaliza mwendo. Dereva wa abiria alikuwa Mzee Abdu Zamoyoni, mtu wa Tabora. Aliichukua ile karatasi ya gari la mizigo, akaisoma, akamtazama kijana aliyekuwa anatapika kando ya tuta, akaitupa ndani ya tanuri la injini.

"Ng'ombe walikuwa njiani," Mzee Abdu aliwaambia wenzake. "Nani ameona kingine?"

Hakuna aliyeona kingine. Gari la mizigo likarudi nyuma taratibu kwenda Bulimbe. Kabla hajapanda kwenye behewa la gadi wa mizigo, marehemu alichungulia chini ya mabehewa ya gari la abiria. Upande wa pili, kivulini, abiria wengi walikuwa wameshuka kujinyoosha, na katikati ya miguu ile yote akaiona miguu ya Serafina, na kanga yake ya harusi, na ncha ya blanketi la mtoto. Hakuthubutu kuita. Alijificha nyuma ya gurudumu kama mwizi, mpaka gari la mizigo lilipoanza kuondoka.

Serafina aliposhuka Bulimbe, mumewe alikuwa amesimama jukwaani amenyooka, shati limemganda mwilini.

"Baba Theo, mbona umetota jasho hivyo?"

"Nilikuwa nafagia," alijibu marehemu.

Maneno hayo mawili aliyabeba miaka ishirini. Mwezi wa Desemba aliomba aondolewe kwenye kazi ya kutoa magari, akakubali kushushwa cheo, na kuanzia Februari 1968 akawa karani wa bohari ya mizigo stesheni ya Shinyanga. Alikataa kupandishwa mara tatu. Watu walidhani ni mvivu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na woga wake sasa ulikuwa na njia mbili. Aliogopa Serafina atajua, amchukue mtoto arudi kwao, naye atakuwa hana la kujitetea. Na aliogopa kwamba mahali fulani kwenye njia ile, siku yoyote, kuna kitanzi kimetundikwa msumarini. Bahasha ya kazini ikiletwa nyumbani hakuifungua mpaka amekunywa maji. Honi ya gari ikisikika mjini, kijiko chake kilisimama katikati ya sahani na mdomo, kikasubiri honi ya pili. Watoto wake walikua wakidhani kila baba hula hivyo.

La kumtesa zaidi ni kwamba Mama Serafina ni msimuliaji, na safari ile aliipenda. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa jinsi gari lilivyosimama porini saa nzima kwa ajili ya ng'ombe, jinsi alivyoshuka akamnyonyesha Theo kivulini, jinsi bibi mmoja alivyochukua nafasi hiyo kuuza karanga behewa zima. "Na hao ng'ombe wenyewe sikuwaona hata mkia!" alimalizia, wageni wakacheka. Marehemu naye alicheka. Kisha alitoka nje kukagua kama mlango wa kuku umefungwa. Kuku wetu hawakuwahi kuibiwa hata mmoja.

Ndipo tunafika kwenye jambo lililomfanya ajulikane Shinyanga. Tarehe 14 Agosti 1971, marehemu pamoja na Akida, fundi bati wa pale sokoni, walianzisha Chama cha Reli Ndogo, katika chumba cha nyuma cha duka la Akida. Baadaye waliongezeka Mwasiti, mshonaji, na Herman, aliyekuwa amehamia Shinyanga. Hawakuwahi kuzidi wanne. Walijenga reli juu ya mbao sita zilizounganishwa kwa bawaba: reli za mbavu za mwavuli, mataruma ya njiti za kiberiti, mabehewa ya makopo ya maziwa, na injini mbili zilizosukumwa na tepe za chuma za saa za mezani. Mwasiti alitengeneza vilima kwa magunia na uji wa muhogo, akapanda mashamba ya pamba yenye pamba ya kweli. Akida alisema injini zake zina kasoro moja tu, kwamba ukishaziachia hazina breki, zinakwenda mpaka tepe iishe. Marehemu alijibu, "Na za kweli ni hivyo hivyo." Akida alidhani ni mzaha.

Chama kilikuwa na desturi moja ambayo marehemu hakukubali iguswe. Kila stesheni ya bati ilikuwa na kengele ya baiskeli. Mwenye gari alipiga mara moja, maana yake, "Naomba njia." Mwenye stesheni ya mbele alitazama njia yake yote, kichwa mpaka mkia, kisha akapiga mara mbili: "Njoo, njia nyeupe." Hapo tu, na si kabla, ndipo mwenye gari aliruhusiwa kushika kalamu, kuandika karatasi ndogo ya ukubwa wa stempu, na kuibana kwenye kitanzi cha waya. Hakuna karatasi iliyoandikwa mapema. Mwasiti aliandika moja mapema mwaka 1972 ili akawahi kutoa wali jikoni, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kufoka, alifoka mpaka yeye mwenyewe akaanza kulia. Wenzake hawakujua kwa nini, isipokuwa Herman, aliyekuwa ameinamia bawaba kama mtu aliyepoteza msumari.

Reli yao ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Sabasaba mjini Shinyanga, Julai 1973. Watu walijaa. Walilalamika kwamba magari ya chama hiki yanachelewa kuliko ya kweli, lakini hawakuondoka. Stesheni mbili za reli ile zilikuwa Bulimbe na Ng'wanzoka, na kati yake, kando ya njia, marehemu aligundisha jiwe dogo jeupe. Aliyeuliza aliambiwa ni alama ya fundi.

Sabasaba ya mwaka uliofuata, 1974, Mama Serafina alikuwa amekaa kando ya banda akiuza maandazi. Mzee mmoja mwenye kanzu alisimama mbele ya reli muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akakiweka juu ya lile jiwe jeupe.

"Hapa," alisema.

Marehemu alimtambua Mzee Abdu Zamoyoni. Kengele ilimtoka mkononi. Kabla hajaiokota, Serafina alikwisha kusikia kwamba mzee alikuwa dereva wa reli, na Serafina akisikia hivyo hasubiri kuombwa.

"Shikamoo baba! Basi wewe utanijua. Mimi mwaka sitini na saba nilisimamishwa porini pale pale Bulimbe saa nzima, eti ng'ombe! Baba, kulikuwa na ng'ombe kweli?"

Mzee Abdu alimtazama mama, akamtazama Theopista aliyekuwa na miaka saba, mdomo umejaa andazi, akamtazama marehemu. Marehemu ameandika kwamba wakati ule alikwisha kuwaona wote wawili wakipanda gari la kurudi Ushirombo.

"Marahaba, binti yangu. Walikuwepo," alisema mzee. "Wengi. Mungu aliwazuia."

Baadaye alimvuta marehemu nyuma ya banda. "Mbele ya watu nimekusitiri," alimwambia. "Mbele ya mkeo sina mamlaka. Huyo ni wako kumwambia, na usingoje mpaka tufe wote tunaojua." Marehemu aliahidi. Mzee Abdu alifariki Tabora mwaka 1980, na ahadi ilikuwa bado haijatimizwa.

Mungu aliwajalia wazazi wetu watoto wengine wawili, Thobias mwaka 1969 na Esta mwaka 1973. Marehemu alikuwa baba mpole, wa kuhesabu vichwa. Safarini alituhesabu kila kituo, nasi ni watatu tu.

Mei 1982 chama kilialikwa Geita. Mbao sita zilipakiwa kwenye lori, zikafika salama, zikatandazwa katika uwanja wa shule. Wachimbaji walikuja hata kutoka Rwamgasa, vumbi la duara, yaani shimo la dhahabu, lingali kichwani, na wengi wao hawakuwahi kuona reli ya aina yoyote. Walitulia kwa robo saa. Kisha mmoja akapaza sauti:

"Mzee, hayo makaratasi mpaka lini? Yaachie yote mawili yagongane tuone!"

Uwanja mzima ukapokea. "Yagongane! Yagongane!" Walikuwa wanacheka, hawana ubaya, vijana waliozoea kuona udongo ukiporomoka. Marehemu alizikumbatia injini zote mbili kifuani, akaondoka nazo uwanjani, akapita katikati ya watu, mpaka wakamkuta amekaa ndani ya lori amefunga vioo kwenye joto lile. Tangu siku hiyo chama hakikuonyesha tena mbele ya watu. Walikutana Jumamosi peke yao, wanne, wakiombana njia.

Ugonjwa ulianza Septemba 1985, kwa kukwaruza koo. Hospitali ya Mwanza walikuta uvimbe. Alipasuliwa mwaka 1986, akastaafishwa kwa ugonjwa, na kufikia Krismasi sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Akida alimletea kengele mbili za reli ndogo. Moja iliwekwa kitandani, nyingine jikoni kwa Mama Serafina. Aliomba kwa mlio mmoja, naye akajibiwa kwa miwili, "naja." Tuliona ni jambo la kuchekesha. Sisi hatukujua kwamba mtu aliyepoteza sauti alikuwa sasa anaogopa kitu kipya, kwamba atakufa akiwa na neno moja ndani na hana mdomo wa kulitoa.

Jumapili tarehe 15 Februari mwaka huu, baada ya misa, Akida na Herman walileta nyumbani mbao mbili kati ya zile sita, wakaziweka sebuleni. Marehemu alimwonyesha mkewe kiti cha upande wa Ng'wanzoka. Mama akakaa akicheka, akisema hajawahi kupewa cheo. Marehemu alipiga kengele mara mbili, kumpa Serafina njia. Kisha, mbele ya macho yetu, akaandika karatasi nyingine, akaitia sahihi, akaibana kwenye kitanzi, na kitanzi akakitundika kwenye msumari mdogo wa stesheni ya bati. Akachukua ufagio wa njiti tatu za kiberiti, akaanza kufagia nyuma ya nyumba ya bati ya Bulimbe.

Herman alinyoosha mkono, akachukua kitanzi. Akaliachia gari la mizigo. Mama Serafina alikuwa amekwisha kuliachia la kwake.

"Herman! Yatagongana hayo!" alisema mama, bado kwa kicheko.

Hakuna aliyeweza kuyazuia. Yaligongana kwenye jiwe jeupe, na behewa la tatu likapinduka, likaanguka sakafuni. Marehemu aliliokota, akalishika mbele ya mkewe kwa mikono miwili, akafungua daftari pale alipokuwa ameandika tayari: *27 Julai 1967. Ulikuwa behewa la tatu. Hapakuwa na ng'ombe. Nilikuwa nafagia.*

Mama alisoma. Alisoma tena. Kisha mkono wake ukatoka bila yeye kuutazama, ukamshika Theopista kiganja, Theopista huyu mwenye karibu miaka ishirini na kazi yake ya uuguzi, akambana kama mama anavyombana mtoto anayetaka kuvuka barabara. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwona mama yetu akiogopa. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa mgongoni au kifuani, saa ile?" Halafu akalijibu mwenyewe: "Mgongoni. Angekuwa wa kwanza."

Kwa siku tatu kengele ya kitandani ililia na ya jikoni haikujibu. Theopista ndiye aliyepeleka uji, dawa na maji. Mama alipika, alifua, alisali, na hakuingia chumba kile. Marehemu alilala ameelekea mlangoni. Alichokiogopa kwa miaka ishirini kilikuwa kimefika, kimekaa jikoni.

Jumatano saa nne asubuhi alipiga mara moja, kidogo sana, kama mtu asiyetaka kusikiwa. Kisha kutoka jikoni ikalia mara mbili. Mama akaingia na bakuli, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Lile gari nimekusamehe," alisema. "Ulikimbia, na moyo wako unajua ulikimbiaje. Miaka ishirini ya kuniacha nikichekesha wageni, hiyo bado. Hiyo nitakusamehe polepole. Kunywa uji."

Alianza kumsamehe polepole, na sisi tulikuwa mashahidi. Siku nyingine alijibu kengele upesi, siku nyingine alichelewa makusudi, lakini alijibu. Marehemu alianza kulala mchana bila kushtuka. Tarehe 2 Mei honi ya gari la Mwanza ililia akiwa anakunywa maziwa, na kijiko hakikusimama.

Jumamosi tarehe 9 Mei asubuhi, Mama Serafina alikwenda mashine ya kusaga. Alisema hatachelewa. Saa nne marehemu alipiga kengele mara moja. Theopista, aliyekuwa kando yake, alichukua ile ya jikoni ili amjibu. Marehemu akatikisa kichwa. Si wewe. Akapiga tena, mara moja, macho mlangoni. Kwenye mashine kulikuwa na foleni. Alipiga mara ya tatu, na saa nne na dakika arobaini mkono wake ulitulia juu ya kengele. Mama alirudi na ndoo ya unga kichwani dakika kumi baadaye, akakuta hajajibiwa.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Paskazia, ambaye siku hizi hana wa kumjibu kwa methali yake. Ameacha mjane, Serafina, watoto watatu, Theopista, Thobias na Esta, na ndugu wanne. Ameacha wanachama watatu wa Chama cha Reli Ndogo, Akida, Mwasiti na Herman, na mbao sita zilizo salama dukani kwa Akida. Ameacha pia abiria wote wa gari la tarehe 27 Julai 1967, ambao hakuwajua majina, na ambao huenda baadhi yao wamekaa hapa kati yetu, na watoto wao. Hao nao wahesabiwe. Yeye aliwahesabu kila siku.

Bwana amempa pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa, na kwa amani hiyo tunamwachia. Lakini kabla ya udongo wa kwanza kuna jambo moja limebaki. Baba ameomba njia mara tatu, na hawezi kuondoka bila jibu. Alitufundisha mwenyewe kwamba jibu halitolewi mapema, wala halitolewi na asiye na stesheni.

Mama, kengele hii hapa. Mara mbili.